Paka wa Mama Hatibu Mnadani

Mkasa huu nimeukwepa sana, maana hapa Malindi yetu ya milimani mimi ndiye mtu wa kuulizwa mambo (ninasoma kila ninachokipata, hata vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa), na siku ile ujinga wangu ulinadiwa mbele ya usharika mzima.

Jirani yangu Mama Hatibu alishuka Mombo harusini, akaniachia paka wake, Chui, anayemlindia mbegu za maharage dhidi ya panya na ambaye anamwamini kuliko kufuli la stoo. Jumapili asubuhi, nikitaka kumkirimu mgeni, nikampa kichwa na mifupa ya kibua wa kukaanga. Mke wangu aliuliza kama miiba haitamdhuru. Nikamjibu kwa utulivu wa mtaalamu kwamba paka ameumbiwa samaki.

Haukupita muda Chui akaanza kujiparura mdomo, mate yanamchuruzika, hawezi hata kulia. Bwana mifugo wetu ni mwanakwaya, basi nikamtia Chui kwenye kikapu, nikakifunika kwa kanga na kuifunga, nikafika ibada imeisha na mnada wa sadaka za mazao umeanza uwanjani, nikakitua kikapu penye nafasi (nafasi yenyewe ilikuwa kati ya ndizi na kuku wa sadaka), nikakimbilia nyuma ya kanisa kumtafuta.

Niliporudi naye, mzee wa kanisa alikuwa amekiinua kikapu changu juu.

"Jogoo huyu mzito, halafu mpole," alisema. "Nani anaongeza?"

Bibi mmoja akaongeza, akashinda, akafungua kanga. Chui akachomoka, akapita juu ya trei la mayai, na yule bibi, bila kusita, akamtupia kanga ileile na kumkumbatia.

"Baba Neema," akaniambia, "jogoo wako ana mkia."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa kwenye majani. Lakini bwana mifugo, na joho lake la kwaya, aliazima kibano cha nyusi kwa mwimbaji mwenzake, mimi nikampanua Chui taya, bibi akamshikilia, naye akauchomoa mwiba uliokuwa umekwama juu mdomoni, kati ya meno.

"Samaki mpe," aliniambia, "ila mnofu mtupu, uliochemshwa bila chumvi, tena siyo kila siku. Mfupa uliopikwa unakauka na kuchoma."

Katika vitabu vyangu nilikuwa nimesoma nusu tu ya hayo. Hadi leo nikikutana na bibi yule au bwana mifugo navua kofia, na samaki wa paka namchambua kwa vidole, mara mbili. Mzee wa kanisa naye hanadi kikapu changu kabla ya kuchungulia.

Mama Hatibu aliporudi nilimweleza yote mwenyewe, kabla hajayasikia kisimani. Alimfungua Chui mdomo, akatazama kwa muda mrefu.

"Na mbegu zangu?"

Nikamwambia hakuna iliyoguswa.

"Basi mwezi ujao nakwenda Tanga," akasema. "Nitakuachia wewe. Wengine bado hawajajifunza."