Vitanda Vinne kwenye Ubao wa Batsinda

Nilichaguliwa kwenda Kigali kwa sababu katika stoo ya wilaya yetu hakijawahi kupotea hata kijiko. Mkuu wangu alisema hivyo mbele ya watumishi wote, nami nikavimba kichwa. Tulitumwa kujifunza jinsi ofisi za umma za wenzetu zinavyoshirikiana kutunza na kutumia mali. Tulikwenda wawili: mimi, mtunza stoo, na Sista Leokadia, muuguzi mfawidhi wa kituo cha afya kilicho dakika ishirini kwa gari kutoka ofisini kwangu. Mara tatu aliwahi kuniandikia akiomba vitanda vya kujifungulia, na mara tatu nikamjibu kwamba havipo. Kwa hiyo asubuhi ile tulisalimiana tu, basi.

Saa mbili asubuhi tulikuwa mpakani Rusumo. Orodha yangu ya mali nilikuwa nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Askari wa upande wa Rwanda akauomba ule mfuko kwa upole, maana kwao ni marufuku, akaniachia karatasi mikononi. Ndani ya basi nilikuwa na begi, koti na chupa ya chai, nikamwomba Sista anishikie zile karatasi. Kule magari hupita kulia, na kila tulipokutana na lori mguu wangu ulikanyaga breki isiyokuwapo. Tulipopita Kayonza usingizi ukanichukua. Nilipoamka, Sista alikuwa anatazama migomba nje, karatasi zimekunjwa vizuri mapajani pake. Akaniuliza kama nimepumzika. Nikadhani tumeanza kupatana.

Mchana tulifikia Nyamirambo, mtaa wa Kigali, kwenye nyumba ya wageni jirani na mafundi cherehani. Tulipachagua kwa sababu Kiswahili kinasikika kila duka. Nilikula, nikanyoosha suruali, nikafanya mazoezi ya kujitambulisha: mtunza stoo ambaye hajawahi kupoteza kitu. Leo nikikumbuka natamani kujificha.

Asubuhi ya pili tulipelekwa Batsinda, mtaa mwingine wa Kigali. Mwenyeji wetu alikuwa Vestine, mama wa makamo anayetunza mali za ofisi ya mtaa, shule na zahanati, zote katika stoo moja.

"Murakaza neza, karibuni," alisema. "Stoo iko moja, lakini wenyewe tuko watatu."

Mlangoni kulikuwa na ubao mweusi. Kitu kikikaa mwezi bila kutumika, Vestine hukiandika pale, na ofisi inayokihitaji huandika jina lake pembeni.

"Hii jenereta iko ya shule," alitueleza. "Wanafunzi wakienda likizo, zahanati inachukua. Ikiharibika, wote tunakaa, tunatengeneza."

"Na ikipotea?" niliuliza.

"Itapotea aje, na watu wote wanaijua?"

Nilitabasamu kama mtu mzima anayesikiliza mambo ya watoto. Vestine akanigeukia. "Na kwenu, mzee, kitu ikikaa bila kazi, nani anajua?"

"Kwangu mimi hakuna kinachokaa bila kazi," nikasema. Sista Leokadia alikuwa amesimama nyuma yangu.

Baada ya chakula cha mchana, Vestine alifuta ubao, akatukabidhi chaki. Pamoja na wenzetu waliofika kutoka wilaya nyingine, tulikuwa wageni kumi, na kila mmoja alitakiwa kuandika kitu kimoja kilicholala ofisini kwake. Niliandika: Viti vibovu, vitatu. Nikarudi kukaa. Sista akainuka, na kwa mwandiko wake wa kadi za wagonjwa akaandika chini yangu: Vitanda vya kujifungulia, vinne. Vipya. Miaka miwili.

"Iko ya ofisi gani?" Vestine aliuliza.

"Ya Bwana Stoo," Sista alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Na nani anavihitaji?"

Sista aliandika jina la kituo chake, akairudisha chaki, akaketi.

Niliona aibu hata masikio yakawaka. Vitanda vile vililetwa kwa ajili ya wodi ambayo haikujengwa, na mimi nikavifungia. Ningeweza kusingizia wakaguzi, lakini ukweli ni kwamba nilipenda kuviona vimekamilika kwenye leja, na nylon yake juu. Vikitoka vitachubuka, niliwaza, na jina langu litachubuka navyo. Vestine aliniletea chai. "Ihangane, pole mzee," aliniambia taratibu. "Hapa pia kila mtu alikuwa na kufuri yake." Huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

Jioni, tukiwa Nyamirambo, nilimfuata Sista barazani.

"Ile orodha uliisoma lini?"

"Ulipokuwa unakoroma."

"Mbona hukuniambia tangu jana?"

"Nilikuwa nangoja uandike mwenyewe," alisema, akaingia chumbani kwake.

Siku ya tatu tulirudi kwa njia ile ile, karatasi nimezishika mwenyewe. Kesho yake nilimpelekea mkuu wangu fomu ya kutoa vitanda. Akasaini papo hapo. Hakuwahi kunikatalia, kwa sababu sikuwahi kumwomba. Ubao kama ule wa Vestine nimeutundika mlangoni pa stoo, na kila ofisi inaruhusiwa kuusoma. Kwamba kilicholala kitolewe, hilo ndilo nililojifunza Kigali, na ndilo Sista alilokuwa akiniomba kwa barua.

Siku ile ile ya fomu, saa nne asubuhi, tulishusha vitanda kituoni. Nilichana nylon mwenyewe. Chini, kwenye godoro, alikuwa ameketi mama mwenye uchungu wa kujifungua, akatutazama tukipita.

"Vilikuwa wapi hivi? Wa kwanza nilimzalia hapa hapa sakafuni, mwaka jana."

Sista akanitupia jicho. "Vilikuwa njiani, mama," alisema.

Alikuwa ananisitiri, na ningeweza kunyamaza. "Hapana," nikasema. "Vilikuwa kwangu. Nilivifungia."

Yule mama alisubiri uchungu upite, mkono kiunoni, kisha akaniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Vilikuwa vinakufanyia nini?"

Nilishika upande mmoja wa kitanda, Sista akashika wa pili, tukakisogeza karibu naye.