Hodi katika Mtaa wa Kale wa Lyon

Mnisamehe makosa ya tahajia na mwandiko wangu. Shule niliishia ya msingi, na naandika polepole.

Juzi, hapa Frogtown, mtaa tunaoishi sasa, Mama alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni kwetu na kuita, "Hodi?" ingawa ufunguo alikuwa nao. Nikakumbuka Lyon, kule Ufaransa, tulikokaa kabla ya kuja Amerika.

Mchana mmoja kule, nikiwa bado mdogo, Mama alinishika mkono tukazunguka mtaa wa kale kwa miguu. Njia za mawe zilinuka siagi na mikojo ya paka. Milango mingine ilifunguka kwenye ujia mrefu wa giza, unaopita chini ya nyumba hadi mtaa wa pili. Kwenye kila ujia Mama aliita, "Hodi?" Sauti yake ilikwenda, ikarudi peke yake.

"Mama, watu wa hapa hawana adabu. Hawajui kusema karibu."

"Nyamaza. Tembea."

Nilidhani tunatalii. Nikaanza kuita hodi kabla yake, nikicheka. Sikujua kwamba barua ya mwisho ya Papa, baba yangu, ilisema anaishi nyuma ya mlango wa namna hiyo, bila namba.

Siku hizi sauti yangu imekuwa nzito kama ya Papa. Juzi nilipoitikia, "Karibu," Mama aliingia mbiombio, uso umechangamka, kisha akaniona.

"Kumbe ni wewe," akasema, akainama kuvua viatu.

Kama wewe unayesoma ulikuwa nyuma ya mlango mmojawapo, ukatusikia ukanyamaza, tafadhali niandikie. Mama sitamwambia.