Hesabu Aliyoiandika Speciose

“Nani alikupa hesabu ya watoto wangu?”

Mukantabana alimuuliza Speciose swali hilo mwaka 1988, aliposikia ameandikiwa idadi asiyoitaja, wakimenya ndizi uani kwake, hapa Rugera. Speciose, jirani yake na mwimbaji mwenzangu wa kwaya, alicheka kidogo.

“Mama, si nawajua wote? Sita. Nilikujazia kwenye karatasi, nisikusumbue.”

Wakati huo shirika moja la hisani la Ulaya lilikuwa likigharamia utafiti wa maisha ya akina mama vijijini katika nchi tatu: kwetu, Uganda na Zambia. Maswali yalikuwa yaleyale, ili majibu yalinganishwe. Speciose alikuwa na darasa la saba na lugha tatu, basi wakamwajiri kuuliza. Watu walimtania, “Gari zuri namna hii, kumbe limebeba maswali matupu! Hata sabuni hamna?” Naye akawajibu, “Sabuni ni shirika jingine. Sisi tumetumwa kusikiliza.”

Swali la nane ndilo lililomshinda: umezaa watoto wangapi? Huku kwetu mama hahesabu wanawe kwa mdomo, ni kuwaitia balaa. Wanawake tisa, Mukantabana akiwamo, walimjibu, “Mungu amejalia,” wasitaje idadi. Speciose akaandika idadi aliyoijua yeye.

“Sita ni wa hapa,” Mukantabana alisema, kisu kimesimama mkononi. “Wawili niliwazika njiani tulipoikimbia Rwanda, hata mto wa mpakani hatujauvuka. Karatasi yako inasema sikuwazaa?”

Speciose hakumaliza kumenya. Siku tatu hakutulia. Anaanza kupalilia migomba, anaacha jembe palepale. Anabandika maji ya ugali, anasahau unga. Kwenye mazoezi ya kwaya alianza kuimba kabla ya wenzake, mara mbili. Nikamshika mkono.

“Una nini, dada?”

“Kama huyu nimemkosea, wale wanawake wanane wengine je? Na nikisema, kazi imekwisha.”

Nikamwambia tusali. Tulisali, ila miguu yake ilikuwa ikichezacheza hata katikati ya Baba Yetu.

Jumatatu asubuhi alipanda baiskeli ya mumewe mpaka Ihembe, alikofikia msimamizi wa utafiti, Bwana Cassian. Alikuta gari linapakiwa.

“Karibu, Speciose! Umekuja kutuaga?” Cassian alisema akicheka.

Akamweleza yote akiwa bado ameshika baiskeli, jasho linamtoka. Cassian akaacha kucheka.

“Wafadhili wanangoja majibu ya nchi zote tatu, mama. Karatasi zinaondoka leo. Na wakubwa wakisikia ulijaza mwenyewe, hawatakuajiri tena, mimi siwezi kukutetea. Sita au wanane, huko Ulaya nani atajua?”

“Mukantabana anajua.”

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari. Speciose akailaza baiskeli chini, akaenda kusimama mbele ya gari.

“Bwana Cassian,” alisema, “naomba unirudishie zile karatasi tisa, nikawaulize upya, na asiyetaka kusema nimwachie nafasi ya jibu wazi.”