Mchanga wa Kinono

Miaka ile Nyamisangura nzima, pale Tarime, ilikuwa na kichaa cha dhahabu. Mwalimu aliacha chaki, muuza nyama aliacha gogo lake, wote mbio machimboni Nyamongo kushika sululu. Rukaya, fundi wa magauni, hakwenda popote. Alibaki na cherehani yake, mume wake Shaaban, na makopo yake ya vinono. Na usimwambie kwamba hayo ni maua tu! Angekushushia maneno mpaka uutafute mlango mwenyewe.

Kinono ni mmea mdogo, unaenea kiganjani, majani yake manene yamejaa maji na yamejipanga duara. Jina alilitoa mama yake Rukaya, aliyekuja nacho Mugumu kutoka Tanga ndani ya kopo la maziwa. Kwao binti haendi kwa mume bila kopo la kinono kilichooteshwa na mama yake kwa mkono wake. Rukaya alitoka nacho. Sasa Kauthar, binti yake wa pekee, alikuwa aolewe na Faridu baada ya Idi Kubwa, na mvua zilikuwa zimeozesha vinono vyote isipokuwa kimoja.

Kimoja! Akikitoa, nyumba yake inabaki tupu. Asipokitoa, binti anatoka mikono mitupu, na hilo Rukaya hakutaka hata kulifikiria. Ilibidi akizalishe.

Kinono huzaliwa kwa jani, lakini hakitaki papara. Unalichomoa jani zima, unaliacha kwenye ungo kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo unalilaza juu ya mchanga. Ukilizika au ukilimwagilia ovyo, limeoza. Na mchanga wenyewe usiwe na tope hata chembe. Basi kila asubuhi Rukaya alikaa uani na karai, akaosha mchanga wa mtoni, akautikisa, akamwaga maji machafu, akatia mengine. Kwa kuogopa kukiua kinono chake alichomoa majani mawili tu, akayafunika kwa khanga kuukuu yasipigwe na jua.

Jamani, kuosha mchanga kwenye karai, Tarime, miaka ile!

Rhobi, jirani yake, alimwona. Jioni mume wa Rhobi, Nyamhanga, ambaye alikuwa amerudi kutoka mashimoni na vumbi tupu, akaja kupiga hodi.

"Mama Kauthar, nasikia unaosha mchanga."

"Naosha."

"Wa nini?"

"Wa maua."

Nyamhanga alicheka mpaka akajifuta machozi. "Maua! Haya mama, siri yako ni yako."

"Siri gani? Njoo uone basi." Rukaya akafunua khanga. Nyamhanga hakuyatazama yale majani. Alitazama mchanga.

Siku ya Idi Ndogo Rukaya na watu wake walikwenda kuswali. Waliporudi walikuta ua umegeuka machimbo. Nyamhanga na shemeji zake wawili walikuwa shimoni mpaka kiunoni, karai la Rukaya likiwa mikononi mwao. Kopo la kinono lilikuwa limepinduliwa, chenyewe kimekanyagwa, shina limepondeka, majani yametapakaa kwenye udongo.

Rukaya aliketi chini na nguo zake za sikukuu, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Kauthar akainama kumshika bega.

"Basi mama, usilie. Nitaenda hivyo hivyo."

Hilo ndilo lililomwinua. "Hivyo hivyo? Binti yangu mimi? Thubutu!" Akamgeukia Nyamhanga. "Umepata nini humo?"

"Hakuna kitu, mama."

"Kitu kilikuwepo, umekikanyaga! Toka uokote. Kila jani, hata lililovunjika. Ungo ule pale."

Wanaume wazima wakapiga magoti kuokota majani. Walipomaliza, Rukaya aliutazama ungo, akaanza kuyahesabu majani. Yeye kwa woga wake alithubutu kuchomoa majani mawili. Sasa alikuwa nayo kwa makumi.

"Mchanga nilionao hautoshi," alisema taratibu. "Wewe Nyamhanga si bingwa wa kuosha? Baada ya kufukia hilo shimo, shika karai."

Akaosha. Rukaya akauchota, akausugua kwa vidole. "Bado una tope. Rudia." Akarudia. Shaaban akamwonea huruma, akamletea pilau palepale uani.

Yapo majani yaliyooza, hilo halifichwi. Lakini mengi yalitoa mizizi myembamba kama uzi wa cherehani, kisha vinono vichanga vikachungulia. Rukaya alikuwa akiamka anakwenda kuvitazama hata kabla ya kunawa uso, anacheka peke yake. Apitaye njiani anaitwa: "Njoo uone! Njoo!" Na Nyamhanga naye akazoea kupita, eti anaangalia kama mchanga haujashika maji.

Siku ya harusi Kauthar alitoka na kopo mkononi, kinono chake kimenona haswa. Nyuma yake alitembea Rukaya, kichwa juu, huku dirisha la nyumba yake limejaa makopo mengine. Shangazi yake Faridu, aliyetoka Mugumu, akalipokea kopo, akalizungusha mbele ya watu.

"Mashaallah! Nani kakiotesha?"

"Mimi," alisema Rukaya. "Kwa mkono wangu."

"Mchanga nimeosha mimi!" sauti ikapaa kutoka nyuma ya umati. Alikuwa Nyamhanga, shati limepigwa pasi, kifua mbele.

Watu wakaangua kicheko. Rukaya aligeuka, mdomo tayari kumrushia neno. Akamtazama yule mtu aliyeosha mchanga Nyamongo miezi na miezi asione hata punje.

"Kweli," akasema kwa sauti wote wasikie. "Kauosha yeye."