Umri wa Nyumbani

Mzee Bian hakuwa na mali ila sauti. Kiwanda cha vyerehani kilipofungwa, akiwa na miaka thelathini na minne, wenzake waliondoka na vyeti, wengine na wajomba wenye vyeo. Yeye aliondoka na sauti yake tu. Akaibeba mpaka hekalu la Buddha la mjini kwao, Hanyang, akaanza kutembeza wageni. Mwaka wa thelathini huu. Kila kikundi anakiambia yale yale: "Kizingiti hakikanyagwi, kinavukwa! Ukikikanyaga umemkanyaga Buddha bega!"

Bendera yake ni kuku wa mpira, wa manjano, amefungwa juu ya fimbo ya kuvulia samaki. Ukipotea kwenye moshi wa ubani, mtafute kuku.

Asubuhi hiyo ya Julai, joto limeshaanza kuwapika watu kabla hata ya saa tatu, kuku aliongoza wastaafu ishirini na wawili kutoka Dalian, mji wa bandari kule kaskazini. Jana yake Bian alipoisoma karatasi ya wageni, alilirudia neno Dalian mara tatu. Akajiambia, ah, wageni ni wageni. Watachoma ubani, watapiga picha na makobe bwawani, wataondoka.

Walichoma ubani. Walipiga picha na makobe. Kisha wakaingia kwenye jumba ambalo ndilo linaloleta watu kutoka mbali: jumba la maluohan mia tano, wale wafuasi wa Buddha, wamechongwa kila mmoja na sura yake. Huyu anajikuna sikio, yule anacheka mpaka kitovu kinaonekana, mwingine amenuna kama kadaiwa.

"Haya, sikilizeni!" Bian aliongea kwenye kipaza sauti kidogo kilichokaa shavuni, na spika iliyoning'inia kiunoni ikarudia. "Umevuka mlango kwa mguu wa kushoto, unaelekea kushoto. Wa kulia, kulia. Simama kwa luohan yeyote aliyekuvutia, huyo ni moja. Hesabu mpaka ufikie umri wako. Utakayemwangukia ndiye wako. Shika namba yake, nenda dirishani, utapewa kadi ina maneno yako."

"Mwongozaji," aliuliza mama mmoja mnene mwenye kofia ya maua, jina lake Jiao, "umri upi? Wa kitambulisho au wa nyumbani?"

Swali la kila siku. Maana nyumbani mtoto akitoka tumboni ana mwaka mmoja tayari, na mwaka mpya ukiingia anaongezwa mwingine, hata kama bado ananyonya. Kitambulisho hakina huruma hiyo.

"Wa kitambulisho, mama. Hapa kwetu ni wa kitambulisho tu. Ule wa nyumbani mwachie bibi yako huko aliko."

"Afadhali! Ule unanizeesha bure."

"Wewe Jiao," akadakia mzee mwembamba aliyekaushwa na jua, Mzee Gong, "hata ukihesabiwa kwa dakika, ujana huupati tena."

"Nyamaza, samaki wa chumvi wewe!"

Watu wakacheka. Bian akacheka nao, akawaongoza. Lakini walipofika kona ya tatu alifanya lile analofanya siku zote bila mtu kuligundua: akageuza mgongo, akaanza kutembea kinyumenyume akiwatazama wageni, kama mwongozaji mchangamfu. Pale ukutani amekaa luohan namba mia mbili ishirini na nane. Miaka kumi na minane Bian hajamtazama usoni.

Mkewe alikuwa amekufa kwa figo, vuli ya mwaka uliotangulia. Nyumba ikabaki na watu wawili, yeye na binti yake Lanxi, vyumba viwili na jiko. Lanxi alikuwa kichaa wa meli. Tangu mdogo akikaa ukingo wa mto Yangzi anataja meli kwa mlio wake, kama watoto wengine wanavyotaja magari. Kiangazi kilichofuata, barua ikaja: amepata nafasi chuo cha mabaharia, Dalian, kusomea kuongoza meli. Kutoka Hanyang ni treni ya usiku na mchana.

Bian akasema, "Hongera, mwanangu." Akaenda sokoni, akanunua mbavu za nguruwe na mizizi ya yungiyungi, akapika supu. Wakanywa. Usingizi ukamkataa. Alikuwa anasikiliza nyumba itakavyokuwa.

Na Lanxi mwenyewe moyo ulikuwa nusu kwa nusu. Kumwacha baba na sufuria moja? Mwishowe akasema, "Baba, wewe kila siku unawapeleka watu kwa luohan. Nipeleke na mimi. Atakachosema, ndicho."

Akavuka kizingiti kwa mguu wa kushoto. Akatembea, akatembea, akasimama mbele ya namba mia mbili kumi na moja. "Huyu," akasema. "Nahesabu umri upi, Baba?"

Sasa, Bian anawajua wote mia tano, na kadi zao anazijua kwa kichwa. Kwa muda wa mtu kumeza mate alishapiga hesabu. Kitambulisho kilisema kumi na nane, anaangukia mia mbili ishirini na nane: *Upepo umeshageuka, anayesubiri bandarini huota kutu.* Umri wa nyumbani ulikuwa ishirini, anaangukia mia mbili thelathini: *Mti usiong'olewa ndio wenye kivuli.*

"Wa nyumbani," akasema. "Ishirini."

Wala si uongo. Hilo ndilo lililomtesa. Yako mahekalu wanayohesabu hivyo, wako wazee wanaoapa kuwa hiyo ndiyo desturi. Angesema uongo wa wazi angeutubu akamaliza. Huu ulikuwa ukweli wa watu wengine, aliouazima asubuhi moja na hajaurudisha mpaka leo.

Lanxi aliisoma kadi, akasema, "Basi nimekaa."

Akakaa. Akafungua kibanda cha tambi za ufuta kwenye kichochoro nyuma ya hekalu. Akaolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kibandani. Kadi aliibandika ukutani juu ya sufuria, mvuke na mafuta vikaifanya kahawia. Mtu akimuuliza, anacheka: "Luohan alinikalisha." Ndani ya lile jumba hakurudi tena. Saa anazofanya kazi baba yake ndizo saa sufuria yake inapochemka.

Saa nne kasoro, kuku akawaleta watu wa Dalian kibandani. Wana njaa, wamelowa jasho.

"Karibuni, kaeni popote penye kivuli," Lanxi aliita, mikono yake ikizamisha chujio la tambi kwenye maji, juu chini, juu chini. "Baba, wako wangapi?"

"Ishirini na wawili."

"Na kuku?"

"Kuku ameshakula."

Utani wao wa miaka. Bakuli zikaanza kutoka, tambi zimepakwa ufuta mzito, figili kavu juu yake. Mama Jiao akakoroga, akaonja, akatangaza kwamba kwao chakula kizuri kama hiki hupewa mgonjwa aliyepona.

Mara mtoni, mbali, meli ikapiga honi.

"Hiyo ya mchanga," Lanxi akasema bila kuinua kichwa. "Imejaa, inapanda mto."

Vijiti vya Mzee Gong vikasimama hewani. "Binti, umejuaje?"

"Si unasikia injini inavyolalamika, mzee? Ingekuwa tupu ingeimba."

"Mimi nimekula miaka arobaini kwenye meli za mizigo," Gong akasema. "Nina vijana niliowafundisha miaka mitatu, hawasikii hilo. Ulifanya kazi melini?"

"Nilikaribia." Akacheka kicheko chake cha wateja. "Nilipata nafasi huko huko kwenu Dalian. Luohan akanikalisha. Si hiyo kadi yake?" Akaonyesha ukutani kwa vijiti virefu. "Nilihesabu ishirini, nikaangukia mti na kivuli."

"Ulikuwa na miaka ishirini?" Mama Jiao akauliza.

"Kumi na nane ya kitambulisho. Ishirini ya nyumbani."

Mama Jiao akaweka bakuli chini. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, alikuwa anaihofia kadi yake mwenyewe. "Mwongozaji! Si umetuambia hapa wanahesabu wa kitambulisho tu? Mimi nimehesabu sitini na nane. Nimekosea? Nirudi?"

Chujio likaacha kupanda na kushuka.

"Hapana, mama, hujakosea," Bian akasema. "Yaani... wengine huhesabu hivi, wengine vile. Ni desturi..." Alisema kwa sauti ya mbu. Lakini kipaza sauti alikisahau shavuni, hakukizima, na spika kiunoni ikayabeba maneno kichochoro kizima: *desturi*. Hata muuza matikiti akageuka.

Lanxi alimtazama baba yake. Mvuke ulikuwa ukipita kati yao.

"Baba. Siku ile ulijua?"

Hapo angeweza kupona. Neno moja tu, "sikujua," na binti angelichukua, maana alitaka kulichukua, ilionekana machoni. Bian akafungua mdomo. Akamwona yule msichana aliyekuwa anataja meli kwa milio, sasa ana mvi mbili kando ya sikio na alama za mafuta ya moto mikononi.

"Nilijua," akasema. Na spika ikasema, "Nilijua."

Watu wa Dalian wakainamia bakuli zao kama wanafunzi.

Lanxi alimaliza kuhudumia. Bakuli zilikuwa zimebaki tisa, akazitoa zote tisa, wageni ni wageni. Akafuta mikono, akavua aproni, akaikunja. Akapita mbele ya baba yake, akaingia lango la nyuma la hekalu.

Bian akamkabidhi Mzee Gong ile fimbo. "Washike watu, kaka."

"Nenda," Gong akasema. "Kuku ninaye."

Bian hakuingia jumbani. Alisimama nje ya kizingiti alichowavusha maelfu ya watu, mguu wake ukagoma. Akamwona Lanxi kwa mbali akisimama mbele ya mia mbili kumi na moja, midomo ikihesabu, moja, mbili, mpaka kumi na nane. Akamwona amesimama mbele ya yule ambaye yeye humpa mgongo. Alisimama muda mrefu. Kisha akaenda dirishani.

Alipotoka alikuwa ameshika kadi mpya, nyeupe.

"Unaijua hii?"

"Naijua."

"Isome."

Akaisoma bila kuitazama. Upepo, bandari, kutu.

"Ungesema tu kwamba unaogopa kubaki peke yako, Baba. Ungesema kwa mdomo wako. Mdomo unao."

"Ungebaki?"

Lanxi akafikiri kweli kweli, hakujibu kwa hasira. "Sijui," akasema. "Hicho ndicho ulichoninyima. Sitajua kamwe."

Bian alitaka kusema samahani. Miaka thelathini ya maneno, hadithi mia tano, na samahani moja ikamshinda kutoka. Ilipotoka, Lanxi alikuwa ameshafika kibandani, anaosha bakuli.

Kesho yake alikuja na kikundi kingine, watu wa Guizhou. Ukutani juu ya sufuria palikuwa na mraba mweupe ilipokuwa kadi.

"Wako wangapi?"

"Kumi na sita," Bian akasema, akasubiri.

Lanxi hakuuliza habari za kuku.

Agosti ikaingia hivyo. Wanaongea, wanakula, Lanxi anamletea supu, anamkumbusha dawa ya goti. Hakuna aliyenuna. Ila kitu fulani kilikuwa kimetolewa nyumbani, na kila mmoja alipita pale kilipokuwepo kwa uangalifu asijikwae.

Siku moja Lanxi akamwambia, "Nimekata tiketi. Mzee Gong amenitumia ujumbe, mkewe ana chumba. Nakwenda Dalian kuangalia meli."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

Safari hii hakumuuliza luohan, wala baba. Alhamisi akaondoka na begi la mgongoni, mwanamke wa miaka thelathini na sita ya kitambulisho. Bian akampungia mkono mpaka basi likapinda kona. Akawaza: akiwa na kumi na nane angeondoka na maisha yote, leo anaondoka na likizo. Angempa nini cha kufidia tofauti hiyo?

Akachukua ruhusa kazini, akashika sufuria. Siku ya kwanza tambi ziliiva mno, ya pili zilikuwa mbichi. Wateja wa kila siku walimwonea huruma, wakala.

"Ufuta mchache leo, Mzee Bian!"

"Utazoea."

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Ameenda kuangalia meli."

"Atarudi lini?"

"Siku kumi," Bian akasema, akazamisha chujio. Mtoni honi ikalia. Akasikiliza kama inalalamika au inaimba, hakujua. Akaanza kuhesabu kwa vidole, Alhamisi moja, Ijumaa mbili, na hapo vidole vikasimama. Hakuwa amemuuliza Lanxi anahesabu kuanzia siku ipi.