Maksai wa Mama Safari

Mwanangu, niliporudi Babati kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya kompyuta, watu wa Bagara walicheka. "Huyu? Mwaka hauishi, utamwona anaendesha bajaji." Leo wanapita mbele ya ofisi yangu wakinipungia mkono. Lakini nakumbuka siku moja ya mnada walipokaribia kushinda.

Chama cha wafugaji kilinipa kazi ya kuingiza ng'ombe wa wanachama wote kwenye kompyuta. Niliwaingiza kwa mkupuo mmoja, nikakunja mikono. Siku hiyo Mama Safari, mjane wa Sigino, akaleta maksai wake auze, apate ada ya mtoto. Karani akatazama kioo cha kompyuta. "Mama, huyu ni wa Baba Petro."

"Mama yake nimemkamua mimi. Baba Petro alikuwa wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Maksai yule alilelewa bomani kwa Mzee Gidamis, mwenyekiti wa chama, kwa desturi yetu ya kuwekeana mifugo: jirani anakulelea ng'ombe, naye anabaki wako. Nikatazama wengine: kila ng'ombe aliyewekwa kwa jirani alikuwa na jina la mtu mwingine. Ikibaki hivyo, nani tena angemwachia jirani ng'ombe wake?

Nikaanza kusahihisha majina, moja moja. Mzee Gidamis akaweka fimbo yake juu ya meza yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto akiharisha, unafua nguo tu?"

"Hapana, mzee."

"Basi acha kufua. Tafuta alichokula."

Nimepita kwa wakufunzi wengi, mwanangu, na hakuna aliyenifundisha hivyo. Nikachukua ng'ombe watatu tu kwenye orodha. Wa kwanza na wa tatu walikuwa na jina la mwenye mali. Wa katikati hakuwa nalo, maana ng'ombe wa kuwekwa huachiwa nafasi wazi hadi mwenyewe aje athibitishe. Nikawaingiza. Wa katikati akatoka na jina la wa kwanza! Programu yangu ikikuta pengo ilibaki na jina lililotangulia, kama mpimaji anayepima maharage kwenye debe ambalo bado lina mahindi. Nikaiamuru imwage debe kabla ya kila ng'ombe, nikafuta yote, nikaingiza upya. Penye pengo pakabaki pengo. Mzee akasimama na mashahidi, Mama Safari akamtaja maksai wake, jina lake likaandikwa penye pengo, na kabla mnada haujafungwa alikuwa ameuza.

Kwa hiyo, mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa likijirudia, usilishike mkia tu. Jaribu kwa wachache, uone linazaliwa wapi.

Mimi nilisoma kwa mitamba walioniazima wazee watatu, nikawauza nipate ada. Nimerudisha mitamba wengine badala yao wote, na wa mwisho nilimswaga mwenyewe hadi kwa Mzee Gidamis. Akamzunguka, akampapasa nundu.

"Na huyu kompyuta inasema ni wa nani?"

"Ni wako, mzee."

"Basi umelipa."

Nenda salama, mwanangu. Boma lako lijae, na kilicho chako kiitwe kwa jina lako.