Sale la Kununua

Mama alinipigia simu siku ya Jumanne nikiwa darasani, nafumua shati la mwanafunzi aliyeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Hakunisalimia. Alisema njoo, Jumamosi wanaipa njia yetu jina, nami nina kosa la kusafisha kabla ya siku hiyo. Kisha akakata, maana mama yangu anaamini simu ni sawa na moto wa kuni, ukiuacha unakula bure.

Nyinyi wenzangu wa hapa Korogwe mmeniuliza sana nilikwenda Moshi kufanya nini, na nimerudi nacheka nini. Haya, kaeni niwasimulie.

Njia yenyewe iko Soweto, mtaa aliokaa Mama tangu ujana wake. Inatoka kwenye nyumba na kuishia geti la nyuma la kilichokuwa kiwanda cha kamba na magunia. Zamani ilikuwa tope tupu. Akina mama wa zamu ya asubuhi walifika kazini wamelowa hadi magotini, wakafokewa kwa kuchafua sakafu. Siku moja mmoja wao akasema: kila mtu jiwe moja, kila asubuhi. Wakabeba. Mvua za mwaka uliofuata ziliwakuta wanatembea pakavu.

Basi wakubwa wa kiwanda wakaja kuitazama. Mkubwa wao akauliza wazo hili ni la nani, na mtu akamnyooshea kidole Mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwakilishi wa wanawake. Mama akanyamaza. Akapigiwa makofi, akapewa doti ya khanga. Mwenye wazo, rafiki yake wa chanda na pete, Mama Anaeli, alikuwa amesimama ubavuni pake. Hawakusemezana tena tangu siku ile. Mama Anaeli akapanda zake Mamba, kijiji cha mlimani, kwa wakwe, na ile khanga Mama hakuivaa hata siku moja. Nilikuwa mtoto, naikumbuka ilivyokunjwa sandukuni, bado imeungana vipande vyote viwili.

Sasa serikali ya mtaa inataka kila njia iwe na kibao. Majina yaliyopelekwa ni mawili: la bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni wa kupanda mlima, aliyewahi kumwaga gari zima la kifusi pale, na la Mama Anaeli, lililopelekwa na Mama mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa akasema sawa, lakini huyo mama aje akubali mbele ya mkutano, hatuwezi kumpa mtu barabara asiyeitaka. Hapo ndipo Mama alipokwama, na hapo ndipo nilipoitwa mimi.

Alhamisi alfajiri niliondoka Korogwe. Ruhusa niliiomba kwa mkuu wa chuo. Mwalimu mwenzangu Mwanaidi sikumuaga, kwa sababu mnajua wenyewe hatukuwa tukisemezana tangu ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa ulipopotea na lawama kumwangukia yeye. Mkonge ukapita dirishani, ikaja Same na upepo wake, na baada ya Mwanga mlima ukajitokeza mweupe kichwani. Abiria mmoja aliyekuwa akikoroma tangu Mombo akaamka, akautazama, akasema "tumefika nyumbani," akalala tena.

Saa saba mchana nilikuwa Moshi. Mama alinipokea stendi na hakutaka twende nyumbani kwanza. Alinipitisha kwenye viwanda kama mtu anayepitisha mgeni kwa ndugu zake. Hiki sasa ni ghala la saruji. Pale wanaoshea magari. Kile chetu nusu kina mafundi wa kuchomelea mageti, nusu kina popo. Nilidhani atasikitika. Wapi! Pale kona tulipokuwa tukinunuliwa maandazi pamefunguliwa mgahawa wa kahawa, umejaa vijana waongoza wageni na mabuti yao ya mlimani, na Mama akaingia akaagiza kikombe kikubwa.

Aliniambia ameshona magunia ya kahawa nusu ya umri wake na yote yalikwenda kwa watu wasiomjua. Leo kahawa inakaangwa hapa hapa na yeye anainywa. Mji haujafa, alisema, umebadilisha zamu tu. Kisha akalalamika kuwa kikombe hakina sukari ya kutosha.

Ijumaa asubuhi akanituma Mamba. Maneno alinifundisha, nikayarudia mara tatu kama mtoto wa kipaimara. Akamaliza kwa kusema, "Na uchukue sale." Kwa msiolijua: sale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwa Wachagga ukimpelekea mtu uliyemkosea jani lake, ni vigumu sana kwake kukufukuza. Nami nilijua hivyo. Pa kulichukua, Mama hakuniambia, maana hakudhani mtoto aliyemzaa mwenyewe angehitaji kuuliza.

Kumbe alitaka nipite Marangu, kwenye kihamba cha marehemu mjomba, shamba letu la urithi, nikakate pale. Mimi nikaona kuna wauza maua barabarani. Nikachagua zuri kuliko yote, ndani ya chungu, majani yana mstari wa njano katikati, na muuzaji akalifunga utepe mwekundu bila hata kuombwa. Nikapanda gari hadi Himo, wenzangu wa kwenda Holili wakashuka na mizigo yao, sisi tukashika njia ya mlima. Marangu Mtoni nikachukua bodaboda. Baridi ikaanza kuniingia kwenye mikono ya blauzi, maji ya mifereji yanapiga kelele kando ya migomba, na mimi nimekumbatia chungu changu najiona mjumbe wa maana.

Mama Anaeli nilimkuta anakatia ng'ombe majani. Nikaamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama usoni, akajua mimi ni wa nani kabla sijasema. Kisha macho yake yakashuka kwenye chungu, yakatulia kwenye utepe. Alicheka, jamani. Alicheka hadi akakalia ndoo ya maziwa, ikapinduka, akaendelea kucheka akiwa chini. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwanangu," alisema akijifuta machozi, "sale halinunuliwi. Linakatwa mpakani, pale shamba lako linapoishia. Unamwambia mwenzako, haki yangu imekoma hapa. Hili limekoma wapi, mlangoni kwa muuza maua?"

Alinikaribisha ndani akanipa kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, na maziwa mgando. Nilipokwisha kula nikatoa maneno ya Mama: Nilinyamaza siku niliyopaswa kusema. Wazo lilikuwa lako, makofi nikala mimi. Nisamehe, na uje uchukue kilicho chako. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akawa anachezea pindo la kitenge. Nikamweleza habari ya mkutano wa saa nne kesho, na kwamba asipofika jina lake halitapita. Alisema ana ng'ombe wa kukamua. Aliniruhusu tu kuacha chungu, labda kwa sababu alitaka kucheka tena nikiondoka.

Jioni nilimsimulia Mama. Aliposikia neno utepe alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nimekutuma kuzima moto, wewe umepeleka mafuta," alisema, na chakula hakukigusa. Nilijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu.

Jumamosi saa nne mkutano ulianza kwenye uwanja wa lililokuwa bwalo la kiwanda. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotazamia, hata diwani. Mwenye nyumba ya wageni alisema maneno ya kistaarabu kabisa: anapenda njia iitwe kwa jina lake, ila akishindwa hatachukua kifusi chake. Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza, Mama Anaeli yupo? Akauliza mara ya pili. Nikaona bega la Mama linashuka.

Lakini alisimama. Alisema hata kama mwenzake hayupo, yeye atasema, kwa sababu ameshazoea kunyamaza na kunyamaza hakujamfaa. Akaeleza yote mbele za watu, mkubwa na swali lake, kidole, makofi, khanga. Alipofika kwenye jina la mwenye wazo, watu wa nyuma walianza kugeuka, nami nikageuka.

Mama Anaeli alikuwa anakuja kwenye ile ile njia, kikapu kichwani, polepole, akiangalia chini kana kwamba anakagua mawe. Alipita katikati ya watu mpaka mbele. Akatua kikapu, akatoa jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, akaliweka miguuni pa Mama.

"Zamu yangu, mbuya," alisema, akimwita rafiki kwa Kichagga. "Nimechelewa kidogo."

Mama alilia. Wote wawili walilia, wakashikana mikono, na mimi pia nililia, sioni haya kusema. Mwenyekiti alingoja, kisha akakohoa na kuuliza kama Mama Anaeli anakubali njia ipewe jina lake.

Akakataa! Alisema yeye alitoa neno tu na neno halina uzito, mawe waliyabeba wote, na wengi wao wamelala makaburini. Iitwe Barabara ya Jiwe Moja. Uwanja ukapiga vigelegele. Wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono alikuwa mwenye nyumba ya wageni, akauliza kama gari lake la kifusi linaweza kuhesabiwa kuwa jiwe moja. Mwenyekiti akasema linaweza. Mikono yote ikapanda.

Kisha Mama Anaeli akachomoa kutoka kikapuni kile chungu changu, na utepe wake. Akaagiza lichimbwe shimo pale kwenye nguzo itakayobeba kibao, mwanzo wa njia, akalipanda lile sale mwenyewe. "Sasa liko mpakani," aliniambia. "Limepata heshima, lisikuaibishe tena."

Jumapili walikwenda ibadani pamoja. Mama alifungua sanduku, akaitoa ile doti, akaikata katikati kwa kisu cha jikoni. Kipande kimoja alijifunga yeye, cha pili akamfunga mwenzake. Khanga ilikuwa na mikunjo isiyonyooka hata kwa pasi. Walitoka hivyo hivyo, wanabishana njia nzima ni nani aliyekuwa mvivu wa kubeba mawe makubwa.

Jumatatu nilirudi Korogwe na mkungu wa ndizi na kipande cha sale chenye shina, kilichokatwa kwenye mpaka wa Mama Anaeli kule Mamba. Alinipa akisema nikapande kwangu, kwa sababu na mimi ni binadamu. Nimelipanda kwenye ua wangu, pale uwanja wangu unapoishia. Joto la huku halikuliua. Limeshika, na wiki hii limetoa jani jipya.

Mwanaidi, najua unasoma haya, maana kila kinachobandikwa kwenye ubao wa chuo wewe ndiye wa kwanza kukisoma. Ule mkasi mkubwa niliukuta kwenye kapu langu mwenyewe siku ya pili yake, chini ya vitambaa, wewe ukiwa umeshalaumiwa. Nikanyamaza. Kesho asubuhi nitakuja mlangoni kwako nimeshika jani. Nimeandika yote haya kwanza ili ukiliona ujue ni nini, na ujue kwamba sikulinunua.